Magunzi Yangu Saba

Vangel Bakalinov,
Nyumba yenye ukuta uliochorwa,
Dolno Crnevo, karibu na Strumica.
9 Oktoba

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi, Bi. Damjanova,
Ofisi ya Hataza, ghorofa ya tatu,
Skopje.

YAH: KUNYIMWA HATAZA YA MASHINE YANGU YA KUMENYA PILIPILI HOHO KWA SABABU YANGU MIMI MWENYEWE

Mheshimiwa Bibi Mkaguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula na umekaa, maana ni ndefu. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto na moyo. Goti ni la uzee. Moyo ni ninyi.

Barua yenu ya kurasa kumi na moja nimeipata, nimeisoma siku tatu. Shule niliacha darasa la nne, si kwa ujinga, bali mwalimu alikuwa ameishiwa. Kwa hiyo pale nitakapokosea kuandika, ujue makosa ni ya mwalimu.

Kwanza nikukumbushe tunazungumzia nini, usije ukanichanganya na wazee wengine wanaowasumbua. Kila mwezi wa tisa, kila ua hapa kwetu linachoma pilipili hoho za kutengenezea ajvar ya kupaka mkate majira ya baridi. Zikishachomwa zinamenywa kwa mkono, zikiwa za moto, na ole wako uzioshe kwa maji, utamu wote unakwenda. Mke wangu Ljupka amemenya miaka arobaini na miwili. Vidole vyake sasa havisikii hata sindano. Nikasema basi, nikatengeneza mashine.

Mashine yenyewe ni pipa la ndani la mashine ya kufulia iliyokufa, lile lenye matundu. Nimelilaza, nimelifunga mnyororo na pedeli za baiskeli. Unatia pilipili zilizochomwa, unatia magunzi makavu ya mahindi, saba, unakanyaga taratibu. Magunzi yanasugua, maganda yanatokea matunduni, pilipili inabaki uchi, nzima, bila tone la maji. Magunzi sita yanaacha ganda. Manane yanapasua nyama. Kuijua hiyo saba kumenichukua misimu minne, na kijiji kilinicheka yote minne.

Anayeziunda mashine hizi kwa kuchomelea vyuma ni Zorka, binti wa marehemu mdogo wangu, banda lake liko kando ya barabara. Ametengeneza thelathini na moja, zimeenea bonde zima. Yeye na wanawe wawili wanakula kwa banda hilo, hawana lingine. Mwaka jana mwezi wa nane akapokea barua ya kampuni moja ya vyombo vya jikoni, ya Austria. Wanasema wameomba hataza, ile haki ya kutengeneza wao peke yao, ya "kifaa cha kumenyea chenye visuguzi vya asili ya mimea", na siku watakapoipata, Zorka azime moto wake au waonane mahakamani. Visuguzi vya asili ya mimea, Mheshimiwa, ni magunzi yangu yaliyovaa tai!

Ndiyo sababu nikaleta ombi langu haraka. Nikiwa na hataza mimi, Zorka anachomelea kwa amani. Na faili la hao Waaustria nililiona kwa macho yangu, liko meza ya jirani yako, kwa yule bwana mwenye masharubu. Lao linangoja limenawiri. Langu mmelikataa. Sasa nalalamika, kwa utaratibu:

1. Mnasema mashine yangu si mpya kwa kuwa umma ulishaijua kabla sijaomba. Nani aliujulisha umma? Mnajibu ukurasa wa pili: Vangel Bakalinov. Kwa hiyo Vangel amemwibia Vangel. Nimesimama mbele ya kioo nikamtazama mwizi huyo. Ni mtu wa sura nzuri kwa umri wake, ninamjua tangu utotoni, na hakuiba. Halafu ushahidi wote mmeutoa kwenye bahasha yangu mwenyewe! Zile picha na ile kanda niliwatilia ili mjue mnashughulika na mtu wa namna gani, si ili mnifunge nazo.

2. Mnasema niliionyesha sikukuu ya kijiji, siku ya Mtakatifu Ilija, miaka minne iliyopita, mbele ya watu mia tatu na kumi na wawili. Hesabu hiyo ni ya sahani za kanisa, wala si ya watu, kuna waliokula mara mbili. Tena mashine ilikuwa imefunikwa blanketi. Nililifunua kwa waliouliza tu. Kwamba waliuliza wote, hilo si kosa langu, hilo ni sifa yangu. Jirani yangu Kole aliuliza mara tatu, na kila mara alisema, "Vangel, bwana, hili si ndilo pipa lililokuwa likifua chupi zako?" Mtu anayeuliza hivyo hajajulishwa uvumbuzi wowote.

3. Mnataja televisheni ya wilaya. Nilizungumza nao dakika arobaini, wakaonyesha nne. Kama ni kujulisha umma, basi umma ulijulishwa sehemu moja ya kumi, na mnidai sehemu moja ya kumi. Tena katika hizo nne nilisema wazi, na kanda mnayo, "Siri ya magunzi saba siwezi kuitaja." Mtu gani tena angefunga mdomo kuliko hapo?

4. Mnataja ukuta wangu. Ni kweli mashine imechorwa ukutani, ikiwa imepasuliwa katikati ili ya ndani yaonekane, na mishale, na magunzi yamehesabiwa. Lakini ukuta ni wangu na rangi ni yangu. Basi la Strumica kusimama pale mbele si amri yangu. Abiria wakichungulia mambo ya mtu, wa kulaumiwa ni abiria.

5. Hili ndilo zito. Mnasema pia nilimweleza mgeni, Bwana Reinhold. Nilimweleza, ndiyo. Alikuja mwezi wa tisa, ule ule wa baada ya sikukuu, akasimamisha gari, akasema amepotea njia. Ljupka akampa supu ya maharagwe na mkate. Mimi nikampa rakija yangu, pombe kali ya zabibu, ambayo nayo siku moja nitawaletea ombi lake. Akauliza, "Mzee, hii ya uani ni kitu gani?" Sasa ulitaka nifanye nini, Mheshimiwa? Mgeni yuko mezani kwako, mdomo umejaa mkate wako, anakuuliza kitu, nawe umwambie hiyo ni siri? Wakwe zangu wangenisema mpaka kaburini. Nikamwambia. Nikamchorea kwenye mfuko wa unga, aupeleke nyumbani kwa ukumbusho. Akaukunja vizuri sana, nikamwona mtu mwenye adabu. Mwaka uliofuata, majira ya kuchipua, kampuni yake, hiyo hiyo ya Austria, ikapeleka ombi. Lakini nilimwambia kama mgeni, sikumwambia kama kampuni! Naomba sheria iseme kwamba lililoambiwa mtu mezani libaki mezani pamoja na makombo.

6. Na hata mkiyakataa hayo yote, hili hamtaliweza. Mnasema umma ulijua kwa sababu mimi nilisema. Bibi yangu, njoo Dolno Crnevo uulize nani hunisikiliza nikisema. Nikifungua mdomo mkahawani, Kole anafungua gazeti, na Kole hajui kusoma bila miwani, na miwani huiacha nyumbani. Padri hunipa komunyo haraka haraka kuliko wengine. Ljupka, mke wangu wa ndoa, nikianza kusema huwasha kinu cha kahawa. Miaka arobaini na miwili naongea na kinu cha kahawa! Ninyi wasomi niambieni: neno lililosemwa na mtu asiyesikilizwa, limejulikana na nani? Ni sawa na kuliweka sandukuni. Mimi ndiye mtu msiri kuliko wote bonde hili, kwa kukosa wasikilizaji. Ljupka yuko tayari kutia saini kwamba hajapata kunisikiliza. Ninamletea kalamu mara nikimaliza.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima kubwa:

Mnipe hataza ya mashine. Kama mashine haiwezekani, mnipe ya magunzi. Kama gunzi mnaona ni la Mungu, mnipe ya hesabu ya saba, hiyo Mungu hakuniambia, niliitafuta mwenyewe. Ikishindikana saba, basi nipeni mwezi wa tisa, kila mchoma pilipili aje kwanza kwangu kuomba ruhusa, sitawanyima, nitawaeleza tu kidogo jinsi nilivyoanza. Na yakishindikana yote, mnipe hataza ya majigambo yenyewe, maana ninyi wenyewe, kurasa kumi na moja, mmethibitisha kwamba hakuna mwenye kujigamba kunizidi, na Kole sasa ameanza kuniiga. Juzi amesema mkahawani kwamba alinishikia spana.

Upande wa nje ya nchi, naomba mumwandikie Bwana Reinhold arudishe mfuko wangu wa unga. Mwandikieni kwa upole. Huenda watoto wake hawajui.

Sina zaidi ila salamu. Nisalimie Mkurugenzi, na yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti. Yule bwana wa masharubu msalimie pia, ingawa kwa shingo upande. Ljupka anawasalimu, Zorka na wanawe wanawasalimu, Kole hawasalimu kwa sababu sijamwambia nawaandikia, ambayo ni ithibati nyingine ya usiri wangu.

Mimi, mwenye heshima zote, na mwenye mashine,

Vangel Bakalinov,
mvumbuzi

N.B. Usiamini neno hata moja la hapo juu.

Nilikuwa nimeshailamba bahasha, Zorka akaingia na mikono ya masizi, akaifungua bila kuniomba. Alisoma amesimama. Alipofika la sita akakaa chini. Nikadhani amesikia uchungu kwa ajili yangu, kumbe anacheka machozi yanamtoka. Akasema, "Baba Mkubwa, unataka kuniua? Wewe ukiwashawishi kwamba hukumwambia mtu, si ndiyo Waaustria watakuwa wa kwanza! Kama umma ulijua kabla yao, hata wao hawapewi. Hapewi mtu. Nitachomelea mpaka nizeeke." Nikamwambia anirudie taratibu. Akanirudia. Nikamwambia tena. Akasema, "Mdomo wako, Baba Mkubwa. Mdomo wako umeniokolea banda, na hapa unaukana kwa wino!"

Kusikia mtu ananisifia mdomo ni mara yangu ya kwanza tangu kubatizwa. Alitaka niichane hii barua. Sichani kazi nzuri namna hii, tena stempu nimeshabandika. Isome, uifurahie, kisha uisahihishe hivi:

La kwanza: mwizi ni mimi, nakiri. La pili: blanketi halikuwepo. Blanketi ni la Ljupka, angeniua. Na watu walizidi mia nne, wengine walikula mkononi bila sahani. La tatu: kanda mliyonayo ya dakika nne ni kidogo, nawaletea nzima ya dakika arobaini, magunzi nimeyataja mara ishirini na sita, Zorka amehesabu. La nne: niliupaka ukuta miezi miwili kabla ya huyo Reinhold, na hakupotea njia hata kidogo, alikuja na basi la jana yake, akasoma ukuta, akarudi na gari. Dereva wa basi anamkumbuka. La tano kwa hiyo lifutwe, hakuniibia mezani, alinisoma ukutani kama wengine wote, na supu ilikuwa ni ziada. Mfuko abaki nao.

Ombi langu naliondoa. Sitaki hataza, nataka asiwe nayo mtu. Zichukueni zile kurasa zenu kumi na moja, ambazo sasa naziona zimeandikwa kwa akili nyingi sana, mzipeleke meza ya jirani, kwa bwana mwenye masharubu, leo hii kabla hajagonga muhuri. Ni hatua nne tu, nilizihesabu. Nakala moja mnirudishie yenye muhuri, niitundike.

Limebaki la sita. Nilimwita Ljupka atie saini kwamba hajapata kunisikiliza. Amekataa. Amejifuta mikono kwenye aproni, amekaa mahali alipokaa Reinhold, ameanza kutaja: siku niliyotia gunzi la kwanza, siku ya lile la nane lililopasua pilipili zote, nani alikuwa uani, mimi nilisema nini, Kole alijibu nini. Kwa tarehe, Mheshimiwa. Zorka anaandika, na sasa wamefika karatasi ya tano. Kinu cha kahawa, anasema, alikuwa akikiwasha ili nipaze sauti, maana mimi huwa nameza maneno.

Namba ya simu ya Ljupka iko nyuma ya bahasha. Mpigieni yeye, msinipigie mimi. Nitakuwa nimekaa pembeni nakanyaga pedeli, kimya, kadiri nitakavyoweza.