Mlango wa Nyuma na Futari ya Msikiti

Jumapili, 12 Januari 1997
Imamu ametangaza: Ijumaa atamteua msimamizi wa futari ya msikiti. Tumejitokeza wawili, mimi na jirani yangu Latif, muuza vitambaa. Latif ana mkokoteni. Mimi nina gari kuukuu kutoka Japani ambalo mlango wake wa nyuma hupanda wenyewe ukibonyeza kidude kando ya usukani. Sioni ushindani.

Kasoro moja: gari haliingii kichochoro cha msikiti. Nitaegesha karibu na Ngome ya Yesu, chakula kimalizie safari kwa mkokoteni. Wa Latif. Hilo sikumtajia Imamu.

Jumatatu, 13 Januari
Maonyesho mbele ya watu. Nilibonyeza. Mlango ukapanda shibiri moja, ukalia kama mbuzi, ukasimama. Latif akaniuliza kwa upole kama gari lilikosa daku. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisionekane nimekasirika. Nimekasirika.

Nikaenda Makupa kwa Kazungu, fundi umeme wa magari. Alivuta mpira ulio karibu na bawaba, akanionyesha waya uliokatika nusu kwa kukunjwakunjwa. Alisema niache gari, ni kazi ya nusu siku. Haiwezekani! Imamu akipita asilione gari, atamwona Latif. Kazungu alinitazama kidogo, akarudisha mpira mahali pake.

Jumatano, 15 Januari
Dawa nimeipata mwenyewe. Mlango ukipigwa nyonga upande wa kulia huku mtu akibonyeza ndani, unapanda. Mke wangu Mejumaa anabonyeza, mimi napiga. Tumefaulu mara tatu kati ya kumi na moja. Mejumaa anasema wanawake wa barazani wanatuhesabia.

Akaniuliza: "Baba Lubaba, kuna ubaya gani tukiweka sahani kwenye viti vya nyuma?"

Nikamweleza kwamba viti vya nyuma hata teksi inavyo.

Ijumaa, 17 Januari
Siku yenyewe, nami nimejitolea kubeba futari ya leo, Imamu ajionee. Sahani thelathini na nne: sambusa, kaimati, mbaazi, mikate ya sinia. Birika mbili za uji. Nyonga inauma tangu jana.

Nilifika penye Ngome dakika kumi na saba kabla ya magharibi. Imamu alikuwapo. Latif pia, na mkokoteni. Mejumaa akabonyeza, nikapiga. Kimya. Nikapiga mara tisa. Imamu akatazama saa yake.

Basi nikapita juu ya viti, niusukume mlango kutoka ndani. Nikanasa kati ya mikate na dari, mguu mmoja ukiwa juu ya birika. Mejumaa akashauri nitoe sahani kupitia kwake. Nikamwambia asubiri, mlango u karibu kufunguka. Niliusukuma kwa goti, kwa bega, mwishowe kwa kichwa. Magharibi ikaadhiniwa.

Latif akachungulia dirishani. "Ndugu yangu Jamaldin, tupe chakula. Watu wamefunga tangu alfajiri. Mlango utapigana nao kesho."

Nikazitoa sahani zote thelathini na nne, moja moja, kwa mkono wangu, zikapangwa kwenye mkokoteni wake. Nilibakiza kaimati moja, nikafuturu nimelala chali. Wakaondoka. Mejumaa naye akaondoka, alikuwa na kiu.

Ndipo mlango ukapanda. Wenyewe, taratibu, mpaka juu kabisa. Aliyeona ni paka mmoja.

Baada ya sala Imamu akamteua Latif. Sababu aliyoitoa: mkokoteni hauna mlango.

Jumamosi, 18 Januari
Mlango sasa haushuki. Kazungu alipita, akasema ni waya ule ule na nusu siku ile ile. Nikamshukuru, nikamwambia kwa sasa nina shughuli.

Shughuli ni barua kwa Imamu. Sala ya Idi itahitaji mtu wa kubeba mikeka, nami nimejitolea. Nimekiri kwamba Latif ana mkokoteni, ila mvua ikinyesha hauna paa. Kuhusu mlango nimemtoa wasiwasi: uko wazi tangu jana magharibi, na safari hii hakuna atakayenasa ndani.

Mejumaa amekataa kuipeleka. Nitaipeleka mwenyewe kwa gari, polepole, mlango ukiwa juu, Imamu ajionee.