Bawa la Kilo Ishirini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi imebaki moja. Mwalimu wetu wa kuzamia ametangaza leo kwamba watu watatu keshawachagua kushuka kwenye meli iliyozama, mita hamsini chini ya ziwa. Wa nne atakuwa mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Jumamosi tutashuka mita tano, kila mtu na mtungi mmoja wa hewa. Atakayetulia palepale dakika kumi, bila kupanda wala kushuka, ndiye. Kila mtu achague bawa lake stoo. Bawa ni ule mfuko wa hewa unaofungwa mgongoni, ndio unaokushikilia majini.

Naitaka nafasi hii kufa kupona. Kwa mama mkwe nimeshasema nimechaguliwa. Nilisema mwezi uliopita.

Jumanne, 5 Machi
Nimedamka. Mtunza stoo alinikuta nimeegemea mlango wake. Mabawa mazima yapo mawili tu. Dogo la kubeba kilo kumi na tatu, kubwa la kilo ishirini na saba. Akasema kubwa ni la wenye mitungi miwili, mwenye mmoja achukue dogo. Nikamwuliza kama kuna mtu amewahi kulalamika kwamba ana hewa nyingi mno. Akasema wapo. Sikutaka kujua ni akina nani. Nikatia sahihi, nikabeba kubwa.

Nikampigia shemeji, kwa sauti ya msiba, kumwambia limebaki dogo, la kujifunzia. Akasema hamna shida. Masikini wa watu. Nilimwonea huruma mpaka saa nne hivi.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi gatini. Bawa lina kiburi. Kingo zake zilijikunja zikaukumbatia mtungi, hewa ikanasa humo, kila nikiitoa haitoki. Nikaelea kifudifudi, makalio juu, mbele ya wafanyakazi wa ofisi fulani waliokuja kupiga picha ya pamoja. Mpiga picha aliniomba kwa adabu nisogee kidogo. Nilitamani sana kusogea.

Tatizo nimeligundua: mimi ni mwepesi. Nimeongeza vyuma vinne kiunoni, kila kimoja kilo mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa vyuma vinne nilizama mpaka kwenye matope. Nikajaza hewa ili ninyanyuke. Nikanyanyuka kweli, nikachomoka majini hadi magotini, nikarudi kwa tumbo. Mwalimu alinifokea kwamba kupanda hivyo kutoka mita hamsini ni kifo, si mchezo. Akasema bawa litoshe mzigo wako tu, lisizidi, maana hewa ya ziada inatembea humo ndani na kukuyumbisha. Nikaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Ni wazi shemeji keshamtia mfukoni.

Nimeongeza vyuma viwili. Mke wangu ameuliza kwa nini nina alama kiuno kizima. Nimemwambia ni maendeleo.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe alikuja kushuhudia, na kiti chake cha kukunja. Shemeji alishuka, akatulia kama picha ukutani, dakika kumi nzima. Nina hakika, kwa sababu nilimpita mara sita: tatu nikishuka, tatu nikipanda. Mara mbili alinipungia mkono.

Nafasi ni yake. Mama mkwe akauliza kutoka gatini kama hii ndiyo kazi niliyochaguliwa kufanya. Nilikuwa bado nimeelea kifudifudi, kwa hiyo nilijibu kwa mapovu. Iliniuma, sifichi. Mchana wote nimelala nimegeukia ukuta, na mke wangu hakunicheka hata kidogo, jambo lililozidisha maumivu.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji amekuja nyumbani. Hana maringo, ndiyo kero yake. Amesema mwezi wa tano kuna safari nyingine, ataniachia lile bawa dogo na atanifundisha mwenyewe, taratibu. Mke wangu akaniangalia kwa macho ya kukubali kwa niaba yangu. Nikasema asante shemeji, nitafikiria.

Nimefikiria mpaka alipofika getini. Kosa langu sasa nimelielewa vizuri. Mimi mwenyewe, mtungi, na juu yake vyuma vya kilo kumi na mbili: bawa la kilo ishirini na saba lilizidiwa. Nimempigia mtunza stoo kumwuliza kama kuna kubwa zaidi. Aliniomba nirudie swali. Kisha akasema lipo moja la kilo mia tano, la kuinulia boti zilizozama, ila halina mikanda ya kuvaa.

Nimemwambia aniwekee. Mikanda nitashona mwenyewe.