Binti Yangu Anasomea Kila Kitu, Nami Nimechoka

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Sanaa

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu za msusi ambaye hujawahi kuonana naye, ingawa mikono yake imeshapita kwenye vichwa vya walimu wako wengi. Binti yangu wa pekee anamaliza mwaka wa kwanza kitivoni kwako. Ijumaa hii anatakiwa achague: aendelee na shahada ya sanaa ya jumla, yenye historia, falsafa, fasihi na maigizo, au ashike somo moja mpaka mwisho. Yeye anautaka mchanganyiko. Mimi, kwa heshima zote, naomba uufute mchanganyiko huo kabla ya Ijumaa, kwa sababu hizi:

1. Hauelezeki. Dada yangu akiulizwa mwanawe anasomea nini, hujibu, "Jiografia," akatulia kama mtu aliyekabidhiwa mabara yote. Mimi naanza kueleza mteja akiwa na nywele timtim, namaliza keshasukwa, keshajitazama kwenye kioo, na bado anauliza, "Kwa hiyo atakuwa nani?"

2. Ameniharibia saluni. Watu walikuja hapa kusengenya kwa amani. Likizo iliyopita muuza maua alikuwa anamsema wifi yake, binti akamuuliza kwa upole, "Na wifi mwenyewe akisimulia, ataanzia wapi?" Mama wa watu akatoka na nusu kichwa kwenda kuomba radhi. Sasa wanakuja wote wawili, wanacheka tu, hawana tena la kusengenya.

3. Hili ndilo zito. Mume wangu na mdogo wake, jirani yetu, walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya ukuta unaotutenganisha. Kila mmoja alidai mwenzake kausogeza. Nilishazoea. Kununiana kwao kulinipunguzia wageni. Binti akawaita uani. Kwanza akawaonyesha picha ya zamani aliyoipata kwa bibi yake: ukuta ni uleule, pale pale, na juu yake wamekaa wao wawili, wachafu, wanagombania hindi moja. Hiyo nadhani ndiyo historia. Kisha akawaambia wabadilishane nafasi, kila mmoja aseme ya mwenzake. Mume wangu akasimama mahali pa mdogo wake, akafoka, "Kaka, hata mama alipolazwa hukunipigia simu!" Hilo halikuwa la ukuta tena. Shemeji akakaa chini kwenye sementi. Wakalia, wanaume wazima, mbele ya nguo nilizoanika. Tangu siku hiyo shemeji anakula kwangu kila jioni, na lazima aongezewe.

4. Nikimwambia achague somo moja, ananiuliza, "Mama, lipi lingetosha peke yake pale uani?" Mtoto anayemuuliza mzazi swali lisilojibika ameharibiwa na chuo, na chuo ni wewe. Jana nilimfokea mbele ya wateja. Kwa hiyo naomba pia mzibe milango yote kati ya madarasa, ili mwanafunzi wa historia asisikie hata kikohozi cha falsafa.

Nisalimie katibu wako, walinzi wa getini na walimu wote bila ubaguzi. Yule wa fasihi mkumbushe nywele zake zimefika wakati wa kufumuliwa.

Ni mimi, mzazi mwenye masikitiko na vidole vyenye mafuta,

Mama Saluni

Tanbihi: Bahasha sijaifunga, binti kaingia. Kasema, "Mama, nimekusikia. Nimechagua historia peke yake." Nilisubiri abishe. Hakubisha wala hakununa. Kachukua ufagio, anafagia nywele sakafuni bila swali hata moja, kama mfanyakazi niliyemwajiri wiki hii. Ndugu Mkuu, nakuomba, mkatalie. Mwambie historia imejaa, mwambie viti vimevunjika, mwambie lolote. Na barua hii ukiipata, anza kuisoma hapa.