Kakule Mumoja Kwa Shule Nzima

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu 2002, Butembo

Préfet Octave, mukubwa wa shule, amenipa kazi ya maisha yangu! Orodha ya banafunzi 186 ba mwaka wa sita, benye batafanya examen. Inapaswa kufika Beni, kwenye bureau ya inspection, Ijumaa mbele ya saa sita ya muchana. Mwenye jina lake haliko, hafanye examen. Mudogo wangu Kavuo eko ndani. Mwaka jana tulikimbia vita huko Kasugho, mwaka wake ukapotea, papier zake zikaungua. Secrétaire wa shule alimuandikia tu kwamba alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 1984, vile anaandikaka kwa kila mukimbizi. Mama amesema mwaka huu nao ukipotea, nisikanyage tena kwake.

Hakuna shida. Shule iko na ordinateur, kompyuta moja tu, groupe ya kutoa courant, na Python, luga ya kuandikia programu, yenye padri mumoja alileta toka Ulaya pamoja na kitabu cha fotokopi. Mimi niko na nusu ya kwanza ya kitabu. Nusu ya pili iko na Madame Clémence, mwalimu wa hesabu, mutu wa Kisangani. Aliomba tubadilishane. Nikasema ya kwangu, panya balikula.

Mwenye atafanya vizuri njo atakuwa informaticien wa shule. Mimi Ananie, ao Clémence. Kiti kile ni changu!

Jumanne, tarehe 5

Mupango! Ukiandika programu yenye kila mutu anaelewa, kila mutu anaweza kukutosha kwa kazi na kukaa kwa kiti chako. Donc vitu vyangu vyote ndani ya programu nimeviita a, aa, aaa, mpaka aaaaaaa. Maelezo nayo, nimeandika ya uongo: « Hapana kugusa hapa, ordinateur italipuka. » Clémence asome sasa, tuone!

Alipita nyuma yangu. Asema kila kitu kipewe jina lenye kuonyesha kazi yake. Asema tena code safi, programu yenye imeandikwa vizuri, ni fupi. Nikafunika écran na koti langu.

Jumatano, tarehe 6

Siku mbaya. Kichwa cha karatasi kilisema 2001. Préfet akaomba 2002. Kitu cha dakika moja! Mais nilikuwa nimekopi kipande kilekile mara sita, moja kwa kila darasa la mwaka wa sita, A mpaka F. Nikabadilisha mara tano. Darasa la mwisho likabaki mwaka wa jana. Préfet aliona, na Clémence aliona kwamba préfet ameona. Akanipa shauri mbele ya bote: andika mara moja tu, weka ndani ya fonction, kipande chenye jina lake, kisha uiite mara sita. Anafikiri niko mutoto!

Kisha nikatafuta aaaa ilikuwa kitu gani. Sijue. Nikashuka kidogo, nikakuta maneno: hapana kugusa hapa, ordinateur italipuka. Mama wee! Nikaogopa, nikatosha mikono. Nilikunywa chai nzima mbele ya kukumbuka nani aliandika vile.

Alhamisi, tarehe 7

Imetoka! Karatasi moja tu! Batu 23, bamepangwa kila mutu kwa jina lake la kwanza: Paluku, Kambale, Kakule, Masika, Kavuo. Clémence alisema usafi ni ufupi? Voilà ufupi. Nilikuwa nafikiri tuko bengi zaidi, mais ordinateur haidanganye. Préfet akasaini bila kuhesabu, akafurahi juu papier haikutumika sana. Lusenge, mutu wa kutuma wa shule, akaipeleka Beni na pikipiki yake mbele ya saa sita.

Saa kumi Kavuo alikuja kuona jina lake. Kavuo liko. Mais nyuma yake imeandikwa Tamar, wa Vuhovi. Mudogo wangu ni Rébecca. Akaniuliza Rébecca eko wapi. Nikasema labda chini kidogo. Chini hakuna kitu, ni meza.

Akahesabu na kidole. Kakule mumoja kwa shule nzima! Huku kwetu mutoto anapata jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, donc kila nyumba iko na Kakule wake, na Kavuo wake. Ordinateur ikipata Kavuo mupya, inafuta wa zamani na kuweka ule kwa nafasi yake. Kwani mimi ningejua namna gani? Kwetu nyumbani Kakule ni mumoja tu!

Kavuo hakulia. Alikaa tu chini na madaftari yake kwa magoti. Ile iliniuma kabisa. Afazali angenitukana.

Nikakimbilia kwa Clémence na nusu yangu ya kitabu. Nikamuambia panya bameirudisha.

Ijumaa, tarehe 8

Saa kumi na mbili ya asubuhi tuliwasha groupe. Clémence akauliza aaaa ni nini. Nikasema ni siri. Akaniangalia. Nikasema sijue.

Alifuta vyote. VYOTE! Akaandika mistari makumi mbili: soma_orodha, panga_madarasa, chapisha. Kila moja na kazi yake moja. Kila mwanafunzi akapata numéro, jina likabaki jina tu. Mbele ya kuweka 186, alivumbua ba Kakule batatu na kujaribisha nabo. Batatu bakatoka. Kisha bote bakatoka, kurasa sita. Numéro 97: Kavuo Rébecca. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi ya groupe.

Lusenge na mimi, mbio mpaka Beni. Kwa barrière ya barabara, askari mumoja, Hénock, akasoma orodha yote pole pole. Akauliza kama hawa ba Kakule bote ni ba baba mumoja. Nikaitika, ili tupite haraka. Akatikisa kichwa, asema likambo te, hakuna shida, muzee ule alitumika sana.

Tulifika kwenye bureau ya inspection, kule Bungulu ya Beni, saa sita kasoro dakika kumi. Mama Shekinah wa bureau alikuwa ameweka karatasi yetu ya kwanza pamoja na shule zenye vita imefunga. Shule ya batu 186 kubakia na 23! Alifikiri bengine bamekimbia ao bamekufa. Alikuwa amewaombea. Aliposhika kurasa sita, akakaa chini, asema asante Yesu, bako bazima. Nikamuambia ndiyo mama, njo mimi niliwaokoa.

Jumatatu, tarehe 11

Clémence njo informaticien. Siasa tu.

Mais préfet amenionea huruma. Amenipa orodha ndogo: batoto 94 benye bamekimbia vita na kufika bila papier. Secrétaire ameisha kujaza tarehe zao za kuzaliwa, kawaida yake, vile alifanya kwa Kavuo.

Nimejifunza! Jina ni kitu cha kudanganya, linarudia-rudia. Sasa kila mutoto nimemupanga kwa tarehe yake ya kuzaliwa. Na zile a zilikuwa mbaya, ziliniletea bahati mbaya. Nimeweka b, bb, bbb. Clémence aliomba ajaribishe na batoto batatu kwanza. Nikafunika écran na koti.

Imetoka saa tano. Mustari mumoja! Batoto 94, mustari mumoja tu! Hata Clémence hajafikia usafi kama huu. Naipeleka kwa préfet sasa hivi.