Mradi wa Kupunguza Mikoromo Mtaani

Dokta hakuwa daktari wa chochote. Jina hilo alipewa kwa sababu ya miwani, na miwani yenyewe ilikuwa vioo vitupu. Ila mdomo! Mdomo wa Dokta ulikuwa kiwanda, na hakikuwahi kukatikiwa umeme.

Siku hiyo alikuwa kwenye duka la fotokopi, akingoja kutolewa nakala ya cheti ambacho hakukisomea, alipoona tangazo ukutani. Shirika fulani lilikuwa likitafuta miradi ya mitaani ya kufadhili, kwa sharti moja tu: tatizo liwe jipya, lisiwe limewahi kuguswa na mfadhili mwingine. Dokta akakuna kichwa. Visima vilishapata wenyewe, miti ilishapandwa, na watu walishafundishwa kunawa mikono hadi wakachoka. Kwenye benchi la dukani, mjomba aliyemsindikiza alikuwa amelala fofofo, anakoroma mpaka wateja wanapigiana kelele ili wasikilizane.

"Mjomba," Dokta alimnong'oneza, "endelea hivyo hivyo. Wewe ni janga la jamii."

Fedha alizitaka kwa jambo moja. Alikuwa na mchumba, fundi cherehani wa maneno machache, na huyo mchumba alikuwa amechoka kungojeshwa. Alimwambia waziwazi: mwaka huu ndoa, la sivyo kila mtu ashike njia yake. Na Dokta, pamoja na utapeli wake wote, alimpenda yule binti kufa na kupona. Wazo la kumkosa lilimkosesha raha hata ya kudanganya watu.

Andiko la mradi aliliandikia kwenye meza ya fundi, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Kuomba ufadhili ni kama kupeleka posa," alimfundisha. "Kwanza unalia, hilo ndilo tatizo. Halafu unaahidi, hayo ndiyo malengo. Unataja wanufaika, wawe wengi na watie huruma. Bajeti unaitaja mwishoni, kwa sauti ya chini."

"Kwani anayekoroma ana shida gani?"

"Yeye hana. Wenye shida ni majirani. Mgonjwa mmoja, waathirika mtaa mzima! Wapi tena utapata tatizo tamu namna hiyo?"

Fundi akainama kusoma. "Mbona hapa kwenye vihatarishi umeacha wazi?"

"Mradi wangu hauna hatari."

"Mfadhili atasema unaficha. Kwani hajui watu hula fedha za miradi? Mtangulie wewe kusema."

Dokta alimtazama kwa mapenzi yaliyochemka. Akaandika, kwa mwandiko wa madaha, kwamba hatari kuu ni mratibu mwenyewe. Kwa hiyo mratibu atajitolea bila malipo, na hundi zitatiwa saini na mweka hazina peke yake.

"Mweka hazina ni wewe," alisema akimkonyeza. "Zikiwa kwako si ziko kwangu?"

"Si ndiyo," fundi alijibu, akikata uzi kwa meno. "Ongeza na kipengele cha mgongano wa maslahi. Wafadhili wanakipenda."

Aliyekuwa akiongozwa hapo ni nani, msomaji ameshajua. Dokta hakujua. Akaongeza kila alichoambiwa, kwa furaha.

Afisa wa shirika alikuja kukagua saa nne asubuhi. Ukumbi wa mtaa ulijaa wanufaika waliolazwa kwenye mikeka, kila mmoja akikoroma kwa ahadi ya soda. Mjomba ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya.

"Yule mbona anakoroma huku anatafuna?" afisa aliuliza.

"Hiyo ni hatua ya tatu, madam," Dokta alisema kwa huzuni. "Tulichelewa kumfikia."

Afisa alitoa leso, akafuta machozi.

Fedha ziliingia. Dokta alinyoa, akajipulizia manukato, akaenda kwa mchumba wake. Alikuta cherehani mpya zimepangwa mstari, na kina dada wanashona mito yenye bonde katikati, ya kumlaza mtu kiubavu. Juu ya mto mmoja alilala mjomba, kimya kama maji ya mtungini.

"Bibie, hii nini?"

"Mradi."

"Mradi gani tena? Si tulikubaliana hakuna mradi!"

"Upo, na unafanya kazi. Msikilize mjomba."

Dokta alimsikiliza mjomba. Hakusikia kitu, na ukimya ule ulimtisha. "Haya, yamekwisha. Nipe basi fungu la harusi."

"Harusi ya nani? Kipengele cha mgongano wa maslahi kinasema mratibu na mweka hazina hawaruhusiwi kuoana mradi ukiendelea. Umeandika mwenyewe, na kwa mwandiko mzuri. Afisa amefurahi mno, ametuongezea miaka mitano."

Dokta alivua miwani. Hizo fedha hakuzikumbuka hata kidogo. Alimwona yeye tu, na tepu yake shingoni, na moyo ukamuuma kweli.

"Basi jiuzulu," aliomba. "Jiuzulu leo, tukaoane kesho."

Fundi alimtazama kwa huruma isiyo na uongo.

"Niache kazi ya mshahara, Dokta, niolewe na mtu anayejitolea?"

Kisha, kwa kuwa macho ya yule bwana yalionyesha hatalala usiku huo, akamwandikisha kuwa mnufaika, akampa mto.