Saa ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nyota yangu imewaka! Baba mkwe kesho anatolewa mtoto wa jicho. Leo amevua saa yake na kunivalisha mimi mbele ya ukoo mzima. Amesema haijasimama kwa miaka ishirini na sita. Jumamosi akirudi aikute inatembea, ndipo atakapoamua nani ashike funguo za duka lake la misumari na rangi. Kinyozi, mwanyumba wangu aliyeoa dada wa mke wangu, alimeza mate. Nilijikuna kidevu kwa mkono wenye saa, taratibu, mara tatu.

Saa yenyewe ni nzito, ya otomatiki. Baba mkwe anasema haitaki betri na hajawahi kuizungusha ufunguo. Basi inakula nini? Wanasema kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mbele ya Kinyozi ni ujinga mtupu. 

Jumanne, 4 Machi
Nimeivua. Isije ikachubuka. Nimeiviringisha kwenye soksi safi na kuiweka juu ya kabati. Kitu cha thamani hakizururi. Nimekwenda masjala na mkono mtupu, nikagonga mihuri miwili, nikapumzika. Karani mwenzangu ameuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia azoee kuniita meneja.

Jumatano, 5 Machi
Msiba! Soksi kimya. Saa imesimama. Miaka ishirini na sita, kisha mimi!

Nimetikisa, nimepuliza, nimeomba. Hakuna. Nikabandua mfuniko wa nyuma kwa kisu cha mkate. Na hapo nikakamata mchawi. Ndani kuna kipande cha chuma, umbo la nusu mwezi, kimelegea kabisa! Ukiinamisha saa huku, kinakimbilia huku. Ukiinamisha kule, kinakimbilia kule. Ubovu wa wazi, hata kipofu angeuona. Nikatia gundi ya viatu, nikabana hadi kikatulia tuli. Kazi safi.

Saa bado haitembei. Pengine gundi haijakauka.

Alhamisi, 6 Machi
Imekauka. Saa haitembei.

Nimekwenda kwa fundi saa. Alitazama ndani kwa kile kioo chake cha jichoni, kisha akamwita fundi cherehani wa jirani aje naye aone. Walicheka hadi yule wa cherehani akakaa chini. Nilikasirika. Sikuja pale kuwafurahisha watu!

Alipopata pumzi fundi akanieleza. Kile kipande ndicho roho ya mashine. Mkono ukicheza, nacho kinazunguka. Kikizunguka kinakaza springi. Springi inasukuma magurudumu ya meno, na meno yanasukuma mishale. Akasema saa ilikuwa nzima, ila ilikosa mtu wa kuichezesha. Ameisafisha kwa dawa, imeamka. Akanishauri niivae na kufanya kazi. Ushauri wa ajabu.

Jioni nimepata akili kubwa. Mke wangu anaoka mikate ya kuuza. Anakanda, anapeta, anabeba trei, anafua, anafagia. Mkono wake hautulii! Nimemvalisha saa na kumwambia ni ishara ya mapenzi. Alicheka kwa pua. Mkanda ulimpwaya, nikautoboa tundu jipya kwa msumari.

Ijumaa, 7 Machi
Saa inakwenda kama treni. Mke wangu anasema leo hata mkate mmoja haujaungua. Mimi nimelala mchana mzima, kwa amani.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkwe amerudi, jicho moja limefunikwa. Nikampokea na saa mkononi, tiki tiki tiki. Kinyozi alikunja uso. Raha!

Kumbe jicho lililobaki wazi linaona kuliko mawili yangu. Mzee aliileta saa karibu na pua. Akaliona tundu jipya. Akaona unga kwenye mkanda. Akauliza nani alikuwa anaivaa. Nikasema mimi, nilipokuwa namsaidia mke wangu kukanda. Akauliza hamira kiasi gani. Nikasema ya kutosha. Kinyozi alipaliwa na maji.

Mzee akamwita mke wangu anyooshe mkono. Alama ya mkanda hii hapa. Akasema kwa miaka yote ametafuta mkwe wa kumwachia duka, kumbe mwenye mkono alimzaa mwenyewe. Akampa saa. Akampa funguo. Mke wangu alilia, na nakiri nami nilipangusa jicho kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Ushindi! Funguo ziko nyumbani kwangu, si kwa Kinyozi. Mke wangu amekubali kunijaribu kwenye umeneja, kwa sharti moja: kesho asubuhi niwe nimepanga mapipa yote ya rangi kabla hajafika. Mapipa sitini! Mgongo wangu haukuumbiwa hayo.

Lakini kichwa kipo. Nimemwendea Kinyozi nikamwomba anipangie, kimyakimya, mimi nitafika baadaye kusimama mlangoni kama meneja. Nilidhani atakataa. Amekubali upesi, hata asante hakutaka! Maskini, kushindwa kumemlainisha. Ameuliza kitu kimoja tu: mke wangu huwa anafika dukani saa ngapi.