Siku Niliyokataa Kiti cha Mwenyekiti

Leo aibu imenikuta huku Meatu, na imenikuta nimesimama.

Kazi yangu mnaijua: nafuatilia tembo. (Kwa lugha nyepesi, naokota mavi yao.) Asubuhi nimeinama porini na kopo langu la sampuli, mara ngiri akafyatuka shimoni kama aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Sikungoja salamu! Nikarudi kinyumenyume, nikajikwaa, nikaketi. Kwenye matawi makavu ya mgunga. Yale yenye miiba kama sindano za kushonea magunia.

Miiba nikaichomoa, mmoja ukakatikia ndani. Dereva wetu, Masanja, akajitolea kusaidia. Nikamkazia macho, akarudi kwenye usukani. Nikajaribu mwenyewe kwa kioo cha pembeni cha gari. (Msijaribu. Hasa wachungaji wakiwa wanapita na ng'ombe.)

Zahanati ilikuwa mbali, na mchana tulikuwa na mkutano wa kijiji. Tembo wanawamalizia mahindi, sisi tunaomba kufunga kamera pembezoni mwa mashamba. Wakikataa, utafiti umekufa. Basi nikapiga magoti kwenye siti ya nyuma, tukaenda.

"Mwadila, mayu! Karibu kiti," mwenyekiti akanipokea kwa salamu ya Kisukuma, akiniita mama. Kiti chenyewe kimetolewa sebuleni kwake, kina kitambaa cha kufuma.

"Asante mzee, nitasimama."

"Kaa, mayu."

"Nimekaa sana kwenye gari." (Uongo mtupu.)

Minong'ono ikaanza. Bibi mmoja wa mbele hakunong'ona: "Hawa wa ofisini wanatuona wachafu. Tembo shamba langu analitaka, huyu hata kiti chetu hakitaki!"

Watu wakaitikia. Mwenyekiti akanuna. Wazee wawili wakasimama, wanakung'uta suruali waondoke.

Nikaona kazi inaponyoka. Nikamsogelea mwenyekiti, nikamnong'oneza sikioni: "Mzee, sijakudharau. Nina mwiba kwenye tako."

Kumbe ameshika kipaza sauti. Na kimewashwa!

Lile neno "tako" lilifika mpaka mashine ya kusaga, likarudi. Kisha yule bibi akauliza, kwa upole kabisa:

"La kushoto au la kulia?"

Jamani! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye vumbi. Masanja wangu naye kajishikilia bodi la gari, machozi yanamtoka.

Bibi akanishika mkono, akanipeleka kwake, akanilaza kifudifudi kwenye mkeka. Mabinti zake wakanikandamiza miguu, yeye akachokonoa kwa sindano. Nikapiga yowe. Nje wakapiga makofi.

Niliporudi, kura ilikuwa imeshapigwa. Wametukubalia! "Huyu ameumia kwa ajili ya tembo wetu," mwenyekiti akatangaza (kwa kipaza sauti, tena kwa nguvu zote). Habari za ngiri nikazimeza.

Jioni hii bosi kapiga simu kuuliza mkutano umekwendaje. Nimemwambia wananchi wamefurahi sana.